Rangi Mpya juu ya Ukuta Unaooza

Somo: Walawi 14:33-48. Someni pia Ezekieli 13:10-15.

Ninyi mlio nyumbani, ninyi mlio sokoni na redio ndogo kando ya meza ya chumvi na sabuni, ninyi mashofere mnaolala ndani ya kamyo huko Kasumbalesa mkingoja karatasi, Bwana asifiwe. Na wewe unayeisoma karatasi hii ili baadaye umpe jirani, Mungu akubariki.

Leo tuna neno juu ya nyumba inayotembea. Wengi kati yenu mnaifahamu karavani ya timu yetu ya uinjilisti. Ni ile nyumba ndogo ya magurudumu mawili inayokokotwa na gari. Ilitengenezwa Afrika Kusini, ambako watu huenda na karavani za namna hii kupumzika siku za likizo. Halafu ikauzwa, ikapita Zambia, ikaingia kwetu Katanga ikiwa imekwisha kuzeeka. Kanisa liliinunua ili timu isihangaike kila jioni kutafuta mahali pa kulala. Ndani yake kuna kitanda cha mbele, na hapo tunalala sisi tunaosema nanyi leo pamoja na mama mchungaji. Kuna kitanda cha nyuma, na hapo alilala dada yetu mwimbaji na binti yake wa miaka mitatu. Ndugu yetu shofere analala ndani ya gari.

Karavani hii ina jambo moja la kuchekesha. Mlango wake uko ubavu wa kushoto, kwa sababu Afrika Kusini magari yanapita kushoto, na mlango unafunguka upande wa majani. Kwetu Kongo tunapita kuume. Basi tukisimama kando ya barabara ya Likasi, mlango wetu unafunguka mbele ya makamyo ya shaba na ya asidi. Tuna sheria: hakuna anayetoka kabla shofere hajaangalia. Na vumbi lote la makamyo hayo linapiga ubavu ule wa mlango. Baada ya miaka mitatu ya njia, ubavu ule ulikuwa mwekundu kama kichuguu, na pale palipoandikwa «Yesu anaokoa» palibaki «esu anaoko». Watoto wa shule walikuwa wanalisoma kwa sauti na kucheka.

JUMAMOSI MOJA LIKASI

Ilikuwa mwezi wa nane, tukielekea Kolwezi kwa mkutano mkubwa. Ndugu wa halmashauri ya huko wakatupigia simu: «Wachungaji, tunawaheshimu, lakini kitu chenu kile kisiingie uwanjani namna kilivyo. Watu watasema Mungu wenu ameshindwa kuwalisha.» Neno lile lilituuma. Tulikuwa Likasi. Wamama wa kanisa, wauzaji wa mboga na kapenta, walisikia habari hiyo. Wakachanga franka zao, wakatuletea zimefungwa ndani ya kitambaa, wakasema: «Kanunueni rangi.»

Kazi yote tuliifanya siku moja ya Jumamosi. Vijana wanne, ndoo mbili za maji, rulo mbili. Asubuhi wakapangusa vumbi, wakaanza kupaka. Kabla ya jua kutua, herufi za buluu zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Karavani iling'aa kama sahani. Tukapiga picha mbele yake, tukamshukuru Mungu.

Lakini kuna jambo hatukulisema kwenye picha ile. Siku chache kabla, dada mwimbaji alikuwa amekuja kwetu akasema: «Baba mchungaji, ukuta wa kwangu unanuka. Na nikiusukuma kwa kidole, unaingia.» Tukamjibu: «Mama, huo ni unyevu wa mvua zilizopita. Jua litaukausha. Tukipaka rangi, itakwisha.» Siku ya rangi akasema mara ya pili, mbele ya vijana. Tukamjibu kwa ukali, kwa sababu vijana walikuwa wanasikia na rangi ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Hakusema mara ya tatu.

Wapendwa, tulifikiri ameridhika. Mtu anaweza kunyamaza kwa sababu ameona kwamba hakuna anayemsikiliza.

SWALI LA MWUGUZI

Mkutano wa Kolwezi ulikwenda vizuri, watu waliokoka. Halmashauri ilifurahia karavani. Tukabaki huko kuwafundisha waamini wapya. Mwezi wa kumi mvua zikaanza, mwezi wa kumi na moja zikakaza. Kwenye pembe ya nyuma, rangi yetu mpya ikatoa malengelenge, kama ngozi iliyoungua kwa maji ya moto. Tukayapasua kwa kisu, tukapaka tena juu yake.

Mtoto akaanza kukohoa usiku. Tulimwombea, tukampaka mafuta kama Yakobo anavyotufundisha katika sura ya 5. Mchana kikohozi kilipungua, usiku kikarudi. Juma la tatu kifua kikambana hata tukawa tunasikia pumzi yake kutoka kitanda cha mbele. Mama yake akamfunga mgongoni, tukaenda mbio kwenye kituo cha afya.

Mwuguzi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, mtu wa maneno machache. Akasikiliza kifua, akatoa dawa, akamweka mtoto kitandani. Halafu akauliza: «Mtoto huyu analala wapi?»

Dada akageuka kutuangalia. Hakujibu. Alingoja sisi tujibu.

Tunawaambia kweli mbele za Mungu, tumehubiri miaka mingi, lakini hatujaona swali gumu kama lile. Usiku huo tulirudi kwenye karavani, tukatoa godoro la nyuma, tukawasha tochi. Ukuta ulikuwa na madoa meusi na ya kijani kibichi kutoka dirishani mpaka sakafuni. Tukasukuma kwa kidole gumba, kikazama mpaka fundo la kwanza. Kwa nje, upande wa pili wa ukuta uleule, palikuwa pameandikwa kwa herufi nzuri za buluu kwamba Yesu anaokoa.

Mtoto alipona, Mungu asifiwe. Lakini mama yake alifunga nguo zake, akapanda basi kwenda Lubumbashi kwa mama yake mzazi. Hakututukana. Alisema tu: «Nitarudi ukuta ukipona.»

NENO LA WALAWI

Tulipokuwa kwenye chuo cha Biblia, tuliambiwa tusome kitabu cha Walawi chote. Sura ya 13 na ya 14 tulizikimbia. Tulisema, hizi ni habari za ukoma na kuta, zitatufaa nini kwenye mahubiri? Usiku ule wa Kolwezi tulizisoma polepole, tukiwa na karavani yenye ukuta unaonuka. Tukaona kwamba Mungu alikuwa amekwisha kuiandika habari yetu.

Sheria ile inasema juu ya nyumba ambayo ukutani mwake kunaonekana madoa ya kijani au mekundu, yaliyoingia ndani zaidi ya uso wa ukuta. Angalieni mambo matatu.

La kwanza, mstari wa 35. Anayekwenda kumwambia kuhani ni mwenye nyumba mwenyewe. Hangoji majirani waseme. Hangoji mpaka awe na hakika. Anakwenda na kusema kwamba anaona kitu kinachofanana na ugonjwa nyumbani mwake. Katika karavani yetu, wenye nyumba tulikuwa sisi, lakini aliyesema alikuwa dada mwimbaji. Yeye alifanya kazi yetu, nasi tukamkemea kwa kuifanya.

La pili, mstari wa 36. Kabla kuhani hajaingia kuangalia, anaagiza vyombo vyote vitolewe nje, ili visihesabiwe kuwa najisi pamoja na nyumba. Ona huruma ya Mungu! Kabla ya ukuta, anawaza vitanda, vyungu na nguo za watu wanaolala mle. Sisi tuliwaza kwanza uwanja wa Kolwezi.

La tatu, mistari ya 37 mpaka 42. Kuna utaratibu. Kuhani anaangalia. Nyumba inafungwa siku 7. Anarudi kuangalia. Mawe mabaya yanang'olewa, yanatupwa nje ya mji. Ukuta unakwaruzwa pande zote. Mawe mengine yanawekwa mahali pa yale ya kwanza. Ndipo, mwisho kabisa, unakuja udongo mpya wa kupaka. Sisi tulianza na lile la mwisho, tukaishia hapo hapo.

Nabii Ezekieli naye, katika sura ya 13, anawasema manabii waliopaka chokaa juu ya ukuta dhaifu, wakawaambia watu kwamba kuna amani. Mungu anasema mvua itakuja, ukuta utaanguka, na watu watauliza ile chokaa iko wapi. Kwetu ilikuwa mvua ya mwezi wa kumi na moja, ambayo kila mtoto wa Katanga anajua kwamba itakuja.

KAZI YA PILI

Tuliikokota karavani polepole hadi Fungurume. Ndugu mmoja akatuazima banda lake la mabati lisilo na kuta. Hatukuwa na nyumba nyingine, basi tukaigawa: nusu ya mbele tulilala, nusu ya nyuma ilifunguliwa. Mama mchungaji akatundika turubai katikati. Kwanza tulitoa kila kitu kilichokuwa nyuma: magodoro, vitabu, gitaa. Walawi ilikuwa imetufundisha.

Sasa tunawaeleza jinsi ukuta wa karavani ya namna hii ulivyo, kwa maana kuna ndugu wengine walio na nyumba za magurudumu, na itawasaidia. Nje kuna bati jembamba la alumini. Ndani kuna tripleksi. Katikati kuna vipande vya mbao na frigoliti, ile nyeupe inayofungiwa televisheni mpya. Kwenye pembe, pale bati moja linapokutana na lingine, kuna mshipi wa alumini uliokazwa na skrubu nyingi, na chini ya mshipi kuna mastiki ya kuziba. Mastiki ile ndiyo inayozuia maji. Jua likiipiga miaka mingi, na mashimo ya njia yakiitikisa, inakauka na kupasuka. Huwezi kuiona, kwa sababu mshipi unaifunika.

Maji huingia juu, yanateremka ndani ya ukuta, yanakaa chini kwenye mbao. Kwa hiyo mahali penye doa sipo mahali penye tundu. Doa letu lilikuwa kando ya kitanda. Tundu lilikuwa juu, kwenye pembe ya paa. Tungalipaka rangi pale kwenye doa mara mia, maji yangeendelea kuingia.

Tulipoufungua mshipi, skrubu nyingi zilitoka kwa vidole bila bisibisi. Mbao ilikuwa nyeusi, ikavunjika kama mkate uliolowa chai. Tukakata mpaka tukafika kwenye mbao nyeupe, kavu, inayolia ukiigonga. Tukaacha wazi siku nyingi, hewa ipite. Ndugu shofere alitaka kufunga mapema, tukamwambia: nyumba imefungwa siku 7, tuliza moyo. Halafu tukaweka mbao mpya na tripleksi mpya. Tukakwaruza mastiki yote ya zamani kwa kipande cha mti, ili tusiliumize bati. Tukaweka mastiki mpya na skrubu zisizoshika kutu, tukakaza mshipi. Msitumie silikoni mahali mtakapopaka rangi, kwa maana rangi haishiki juu yake. Mwisho, shofere akapanda ngazi, akamwaga maji polepole juu ya pembe ile, nasi tukakaa ndani na tochi. Tulikaa nusu saa. Hakuna tone lililoingia. Mama mchungaji akalia.

Lakini hatukupaka rangi. Mvua zilikuwa bado. Karibu miezi sita tulitembea na karavani yenye viraka: pembe moja ya bati tupu, ubavu mmoja mweupe, kwingine malengelenge yaliyokwaruzwa. Watoto wa Tenke waliipa jina la mbuzi wa madoa. Kila tulipofika, watu waliuliza: «Wachungaji, gari lenu limepatwa na nini?» Nasi tukawaeleza habari yote, hata habari ya mtoto, hata habari ya ukali wetu. Mara ya kwanza ilikuwa ngumu sana. Jioni moja, baada ya maombi, baba mmoja anayefanya kazi kwenye mgodi alibaki nyuma. Akasema: «Mimi pia nimepaka rangi.» Hakueleza zaidi siku ile. Kesho yake alikuja na mke wake, akaeleza mbele yake. Katika miezi ile sita watu wengi walikuja namna hiyo, wengi kuliko wakati karavani ilipong'aa.

RANGI INA WAKATI WAKE

Msituelewe vibaya. Kuna wanaohubiri kwamba mambo ya nje si kitu, Mungu anaangalia moyo tu. Wanasema hivyo na nyumba zao zinavuja. Biblia haifundishi hivyo. Mungu alimwambia Noa aipake safina lami ndani na nje, Mwanzo 6:14. Na Israeli walipokuwa njiani jangwani, Mungu mwenyewe alikaa kati yao katika hema, nyumba inayotembea kama yetu. Someni Kutoka sura ya 26. Ndani kulikuwa na mapazia ya kitani yenye makerubi. Juu yake mapazia 11 ya singa za mbuzi. Juu yake ngozi za kondoo zilizotiwa rangi nyekundu. Juu kabisa kifuniko kingine cha ngozi, cha kupokea jua na vumbi. Uzuri mkubwa ulikuwa ndani, na nje kulikuwa na kifuniko cha kuulinda. Katika Hesabu sura ya 7, wana wa Gershoni, waliochukua mapazia na vifuniko, walipewa magari 2 ya kukokotwa na ng'ombe 4. Mungu aliipangia kazi ya nje watu wake na magari yake. Rangi nayo ni kifuniko. Kazi yake ni kulinda kitu kilicho kizima, wala haiwezi kuponya kilichooza.

Mwezi wa tano, kiangazi kilipoanza, ndipo tulipopaka. Hatukuweza kusimamisha kazi ya Injili, basi tulipaka kituo kwa kituo. Paa tulilipaka Mulungwishi, kwa kuwa maji huanzia juu. Ubavu wa kuume tuliupaka Kambove. Nyuma na ubavu wa mlango, Likasi. Mbele, Luisha.

Kwa wale watakaofanya kazi hii wakiwa njiani, tunawapa ushauri mfupi. Oshea maji na sabuni, suuza, acha ikauke kabisa. Piga msasa laini polepole, upanguse unga wote. Madirisha ya karavani ni ya plastiki. Yafunike kwa karatasi, wala usiyaguse na petroli au tina, yatapasuka nyufa ndogo ndogo. Tumia kwanza rangi ya kushikisha iliyo ya alumini, halafu rangi ya mafuta, mara mbili nyembamba badala ya mara moja nzito. Paka asubuhi umande ukiisha kukauka, kabla bati halijawa la moto. Geuza karavani ili ubavu unaoupaka uwe kivulini, lakini si chini ya mwembe, maana majani na utomvu vitaanguka juu ya kazi yako. Kaa mbali na vumbi la makamyo. Chagua rangi nyeupe, inarudisha jua, na ndani mtapata baridi. Usiku wa rangi mbichi, watoto walale kwingine, nanyi mfungue madirisha. Na mbabula ya makala isiingie ndani hata siku moja, hata kwenye baridi ya mwezi wa sita. Moshi usioonekana umeua watu waliolala.

Tulipofika Likasi, kabla ya kufungua kopo la rangi, tulisimama mbele ya kanisa. Tukawaambia wamama wale wa mboga na kapenta kwamba franka zao za kwanza tuliziharibu, kwa sababu tulizipaka juu ya ukuta tulioambiwa kwamba unaoza. Tukaomba msamaha. Mama mmoja mzee akasimama akasema: «Baba, sisi tulitoa za rangi kwa sababu mlituonyesha rangi. Mngalisema mbao, tungalitoa za mbao.»

Wachungaji wenzetu mnaotusikiliza, lichukueni neno la mama huyu. Tunawaficha watu shida za nyumba ya Mungu tukifikiri hawatatoa tena. Lakini wao wanatoa kwa ajili ya kile tunachowaonyesha.

NANI ANALALA KANDO YA UKUTA?

Wapendwa, tunamaliza. Kila nyumba ina ukuta wake, na kila ukuta una mtu anayelala kando yake. Baba, nyumbani mwako ni nani aliyekuambia mara mbili kwamba kitu fulani kinanuka, na sasa amenyamaza? Labda ni mke wako, habari ya pombe au ya deni. Labda ni mtoto, habari ya mjomba anayekuja nyumbani mama akiwa sokoni. Labda ni kijana wa kwaya, habari ya sanduku la sadaka. Ulimjibu nini? Ulimwambia kwamba jua litakausha?

Usiku wa leo, usingoje mvua. Nenda kwake, useme: «Uliniambia. Sikukusikiliza. Niambie tena.» Halafu funga mdomo wako, usikilize mpaka mwisho. Kama kuna mtu wa kutolewa mahali pa hatari, mtoe kwanza, leo leo, kama Walawi inavyoagiza. Kama ni mgonjwa, mpeleke kituo cha afya, na uombe mkiwa njiani. Ukuta utaufungua kesho. Rangi itakuja wakati wake.

Na wewe uliyesema mara mbili ukanyamaza, tunakuomba kwa jina la Yesu: sema mara ya tatu. Kama nyumbani hawasikii, sema kwa mama wa kanisa, sema kwa mwuguzi, sema kwa mtu mwingine unayemwamini. Mungu alikusikia tangu mara ya kwanza.

Mtauliza habari ya dada mwimbaji. Mwezi wa saba tuliingia Lubumbashi na karavani nyeupe, herufi zote mahali pake. Alikuja na mtoto wake kwenye uwanja wa kanisa. Hakuangalia herufi. Alipanda ndani moja kwa moja mpaka nyuma, akasukuma ukuta kwa kidole gumba, kuanzia dirishani, polepole, mpaka sakafuni. Tulisimama mlangoni, hatukusema neno. Halafu akashuka, akaenda kuchukua godoro.

Tuombe. Bwana Mungu wetu, wewe uliyekaa katika hema pamoja na watu walio njiani, utusamehe sisi tuliopaka rangi mahali ulipotuambia tufungue. Utupe masikio ya kuwasikia wale wanaolala kando ya ukuta. Uwaponye watoto wanaokohoa usiku huu. Uwalinde wote walio barabarani, na wenye milango inayofunguka upande wa hatari. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.